Breki za Gari Kuukuu: Kazi ya Nyumbani, Amana ya Umma

Mwendo wa gari husifiwa na wengi, lakini kusimama kwake ni wachache wakusifuo. Mwenye gari la mbio atakueleza nguvu za injini yake, wingi wa silinda zake na kasi aliyowahi kuifikia. Ni nadra kumsikia akitaja umbali unaohitajiwa na gari hilo ili lisimame mbele ya mtoto aliyekatiza njia kuufuata mpira. Hali ukweli ni kwamba gari lisiloweza kwenda halimdhuru mtu, ila humtia mwenyewe hasara. Lakini gari lisiloweza kusimama ni balaa kwa kila aliye njiani.

Tumeona inafaa leo tukizungumzie chombo kimoja ambacho wenye magari wengi hukitumia kila siku bila ya kukijua kwa sura wala kwa jina. Chombo hicho ni busta ya breki, ambayo baadhi ya mafundi huiita sevo na wengine haidrovaki. Sababu za kuichagua ni mbili. Kwanza, busta ni miongoni mwa vyombo ambavyo mwenye gari kuukuu, akiwa na spana chache, kitabu cha gari lake na subira, anaweza kuvibadilisha mwenyewe nyumbani. Pili, ni miongoni mwa vyombo ambavyo, vikibadilishwa kwa pupa, vyaweza kulirejesha gari barabarani likiwa na hatari kubwa zaidi kuliko ile iliyokuwapo kabla ya kutengenezwa.

Mfano wetu utakuwa gari la michezo linalokumbukwa vyema katika Afrika ya Mashariki, yaani Datsun 240Z. Gari hilo la Kijapani, lenye injini ya silinda 6 na ujazo wa lita 2.4, lilitolewa na kampuni ya Nissan mwishoni mwa mwaka 1969, na likaendelea kutengenezwa hadi mwaka 1973. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Mashindano ya Safari. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews walishinda tena na gari la aina hiyo hiyo, baada ya kulingana kwa pointi na Datsun nyingine iliyoendeshwa na Harry Källström. Breki zake ni za diski mbele na za dramu nyuma, na zote husaidiwa na busta moja.

Msomaji asiyemiliki gari la michezo asidhani kuwa mazungumzo haya hayamhusu. Chombo tunachokieleza ndicho kile kile kilichomo katika teksi, katika gari dogo la mizigo na katika gari la abiria lipandwalo na wanafunzi wa skuli kila asubuhi. Tofauti ni ya ukubwa na umbo tu. Kanuni ni moja.

NGUVU YA HEWA TUPU

Hewa ituzungukayo ina uzito, na hutusukuma kutoka kila upande kwa nguvu ya kiasi cha kilo 1 kwa kila sentimita 1 ya mraba. Hatuuhisi msukumo huo kwa sababu ndani na nje ya miili yetu umelingana. Lakini hewa ikiondolewa upande mmoja wa kitu, upande wa pili hushindilia kwa nguvu za ajabu. Hayo aliyaonyesha Mjerumani Otto von Guericke katika karne ya 17, pale alipoyaunganisha mabakuli mawili ya shaba, akaivuta nje hewa iliyokuwamo, na farasi waliofungwa pande zote mbili wakashindwa kuyatenganisha. Mwaka 1927 mhandisi wa Kibelgiji, Albert Dewandre, aliitumia kanuni hiyo kumsaidia dereva kukanyaga breki.

Busta ni kopo kubwa la mviringo, la bati nene, lililofungwa kwenye ukuta wa chuma uliopo baina ya injini na miguu ya dereva. Ndani limegawanywa sehemu mbili na utando wa mpira. Injini ya petroli inapovuta hewa ya kuchomea mafuta, huivuta pia ile iliyomo ndani ya kopo kwa njia ya mpira mnene, na pande zote mbili za utando zikabaki na ombwe. Dereva akikanyaga pedali, vali ndogo hufunguka na kuiachia hewa ya nje iingie upande wa nyuma wa utando. Hewa hiyo huusukuma utando mbele. Utando huusukuma ufito wa chuma. Na ufito huisukuma pistoni ya masta silinda, ambayo hupeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu yote manne.

Tufanye hesabu ndogo ili tuone ukubwa wa msaada huo. Utando wenye kipenyo cha sentimita 20 una eneo la kiasi cha sentimita 314 za mraba. Injini nzima ikizunguka taratibu huweza kuondoa karibu thuluthi mbili za msukumo wa hewa. Nguvu inayopatikana inazidi kidogo kilo 200, sawa na uzito wa mifuko 4 ya saruji. Huo ndio mzigo ambao busta humtua dereva kila anapogusa pedali. Busta ikifa, breki hazipotei kabisa, kwani ufito bado umeungana na pedali. Lakini mzigo wote hurejea mguuni mwa dereva. Aliyezoea kusimamisha gari kwa kidole gumba cha mguu atajikuta analikanyaga jabali, na katika nukta zile anazozitumia kushangaa gari huwa limekwisha kwenda mbali.

Kutokana na maelezo hayo msomaji atafahamu pia ubaya wa desturi ya kuzima injini kwenye mteremko kwa ajili ya kubana petroli. Katika visiwa vyetu, hasa Pemba yenye vilima na mabonde mengi, desturi hiyo haifai hata kidogo. Injini iliyozimwa haivuti hewa. Msaada uliobaki ndani ya kopo hutosha kukanyaga mara moja, mbili au tatu, na baada ya hapo dereva hubaki na mguu wake na dua yake.

KUYAJUA MARADHI KABLA YA DAWA

Tabibu hamkati mgonjwa kabla ya kumpima, na fundi naye asifungue nati kabla ya kujua kilichoharibika. Vipimo vya busta ni vitatu, havina gharama, na havihitaji chombo chochote ila mguu na saa ya mkononi.

Kipimo cha kwanza: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara tano au sita mpaka iwe ngumu. Ishikilie hapo kwa mguu, kisha washa injini. Pedali ya busta nzima hushuka kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, msaada haupo.

Kipimo cha pili: washa injini kwa dakika moja au mbili, kisha izime na usubiri dakika chache. Kanyaga pedali. Mkanyago wa kwanza unapaswa kuwa laini, na ile inayofuata iwe migumu zaidi na zaidi. Ikiwa wa kwanza ni mgumu tangu hapo, ombwe limevuja.

Kipimo cha tatu: injini ikiwa inazunguka, kanyaga pedali na uishikilie. Zima injini huku mguu ukiwa pale pale. Kwa muda wa nukta 30 pedali isipande wala isishuke. Ikipanda na kukirudisha mguu nyuma, busta inavuja. Ikishuka, tafuta kasoro katika masta silinda au mabomba ya mafuta.

Zipo dalili nyingine. Sauti ya mnong'ono wa hewa chini ya dashibodi mguu unapokuwa kwenye pedali ni alama ya utando au vali iliyochoka. Injini inayotetemeka au kutaka kuzimika kila breki zikanyagwapo ni alama kwamba hewa inaingia pasipotakiwa. Na ikiwa mafuta ya breki hupungua kila wiki bila ya tone kuonekana chini, basi huenda mpira wa nyuma wa masta silinda umekwisha, na mafuta yanamiminikia ndani ya busta. Mafuta hayo huula utando, na yakivutwa mpaka ndani ya injini hutoka katika bomba la moshi kwa sura ya moshi mweupe. Aliyefikia hapo asibadilishe busta peke yake, kwani mpya nayo itakufa kwa ugonjwa ule ule.

Kabla ya kuihukumu busta, na wachunguzwe mashahidi wawili. Wa kwanza ni mpira unaotoka kwenye injini: je, una ufa, umelainika, au klipsi zake zimelegea? Wa pili ni vali ya njia moja iliyopo katika njia hiyo. Vali hiyo huruhusu hewa kwenda upande wa injini tu. Ikitolewa na kupulizwa kwa mdomo, ipitishe upande mmoja na kuzuia upande wa pili. Si mara moja wala mbili ambapo busta nzima imetupwa kwa kosa la mpira mbovu.

Mwenye gari la dizeli na atambue kuwa injini nyingi za aina hiyo hazitoi ombwe la kutosha zenyewe, bali huwekewa pampu maalumu, ambayo katika magari mengi imefungwa nyuma ya alternata. Huko ndiko pa kuanzia kuangalia.

KAZI YENYEWE

Akishathibitisha kuwa busta ndiyo yenye kasoro, mwenye gari achague siku ambayo hana safari. Kazi hii haitaki mtu anayetazama saa. Gari liwekwe mahali pa sambamba, lizuiwe magurudumu kwa magogo, injini ipoe, na waya wa hasi wa betri ufunguliwe. Watoto wawekwe mbali. Mafuta ya breki ni sumu, na pia hubambua rangi ya gari. Kwa hiyo ndoo ya maji iwe karibu, maana yakimwagika na kuoshwa mara moja hayafanyi madhara.

Mafuta yaliyomo katika kikopo cha masta silinda yanyonywe na kutupwa mahali pa salama, si mtaroni wala ufukweni. Kisha zifunguliwe nati za mabomba kwa spana maalumu ya nati za mabomba, ile inayozikumbatia karibu pande zote. Spana ya kawaida huzila pembe nati hizo, hasa katika hewa yetu ya chumvi ambayo huzigandisha kwa kutu. Nati iliyoganda ipakwe mafuta ya kulainisha kutu usiku wa kuamkia kazi. Kuilazimisha ni kulipindua bomba zima, na bomba lililopinduka halinyooshwi, hubadilishwa. Vinywa vya mabomba vizibwe ili taka na unyevu visiingie.

Nati mbili zinazoishika masta silinda kwenye busta zifunguliwe, na masta silinda itolewe taratibu. Hapa fundi atie kitambaa kikavu mahali ilipotoka. Kitambaa kikitoka na mafuta, masta silinda nayo inavuja, na hukumu yake ni ile tuliyokwisha kuitaja. Mpira wa hewa uchomolewe kwa kuuzungusha, si kwa kuuvuta kwa nguvu.

Baadaye kazi huhamia ndani ya gari, chini ya dashibodi, na hapo ndipo wanene na wazee hupata taabu. Busta ya 240Z imeungana na mkono wa pedali kwa uma wa chuma uliopitishwa pini, na pini hiyo imezuiwa isichomoke kwa spliti pini. Ikishatolewa, hubaki nati nne zinazoishikilia busta kwenye ukuta wa chuma. Zikifunguliwa, busta hutoka upande wa injini. Kabla ya kuiweka kando, na upimwe urefu wa ule uma kutoka usoni mwa busta, uandikwe kwenye karatasi. Kipimo hicho kitahitajika.

Busta ya zamani isifunguliwe nyumbani. Ndani yake mna springi yenye nguvu, na kopo lenyewe limebanwa pembeni kwa mashine. Wapo mafundi wenye vyombo vya kazi hiyo. Mwenye patasi na nyundo si miongoni mwao. Tena anayezigusa breki za magurudumu ya gari la miaka ile akumbuke kuwa breki nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, madini ambayo vumbi lake huleta saratani. Vumbi hilo lisipulizwe kwa pampu wala kwa mdomo. Lifutwe kwa kitambaa kilichorowa maji.

UFITO NA KISAHANI

Sasa tunafika mahali ambapo kazi nyingi za nyumbani huharibikia. Baina ya ufito unaotoka katika busta na pistoni ya masta silinda hutakiwa nafasi ndogo sana, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari husika. Ufito ukiwa mfupi kupita kiasi, pedali hushuka sana kabla ya breki kushika. Ukiwa mrefu kupita kiasi, madhara yake ni makubwa zaidi: pistoni hairudi mwisho wa njia yake, kitundu kinachorudisha mafuta kikoponi hubaki kimezibwa, na mafuta yaliyopata moto hutanuka bila ya pa kwenda. Breki hujishika zenyewe kidogo kidogo. Dereva huondoka nyumbani gari likiwa jepesi, na baada ya mwendo mfupi magurudumu hutoa moshi au hugoma kabisa.

Njia nyepesi ya kupima ni kubandika kipande kidogo cha udongo laini wa kuchezea watoto kwenye ncha ya ufito, kuirudisha masta silinda mahali pake pamoja na gaskiti yake, kuikaza, kisha kuitoa tena. Unene wa udongo uliobaki ndio nafasi iliyopo. Ufito una nati ya kurekebishia, na urekebishwe mpaka kipimo kilingane na cha kitabu. Kupima mara mbili si woga.

Jambo la pili linazihusu hasa busta za 240Z na jamaa zake. Ndani, nyuma ya ufito, kuna kisahani cha mpira ambacho kazi yake ni kumpelekea dereva hisia ya nguvu anayoitumia. Ufito ukivutwa nje ovyo, kisahani hicho huanguka ndani ya kopo na kuacha nafasi yake tupu. Gari huweza kusimama bado, lakini breki zake huwa za ghafla: mguso mdogo haufanyi kitu, na ukizidi kidogo gari hujikita na kumtupa abiria mbele. Wengi wamewalaumu wauzaji wa busta kwa ugonjwa ambao wameuleta wenyewe kwa mikono yao. Kwa hiyo ufito usichomolewe pasipo haja. Na ukiwa umechomoka, kisahani kitazamwe kwa tochi kabla ya kufunga.

MAFUTA NA UPEPO

Kufunga ni kinyume cha kufungua. Gaskiti ziwe mpya, nati zikazwe kwa zamu na kwa usawa, na spliti pini iwe mpya. Ile ya zamani ikishanyooshwa haina tena dhamana. Mpira wa hewa nao uwe wa kazi hiyo hasa, wenye nyuzi za kuutia nguvu. Mpira wa maji ya rejeta haufai, kwa kuwa umetengenezwa kuhimili msukumo wa ndani, na ombwe huufanya unywee na kuziba njia. Vali ya njia moja ielekezwe upande wa injini kama mshale wake unavyoonyesha.

Mafuta yatakayotiwa yawe yale yaliyotajwa katika kitabu, DOT 3 au DOT 4, kutoka kopo lililofungwa. Mafuta haya hupenda maji. Huyanyonya kutoka hewani, na hewa ya visiwani haina uhaba wa unyevu. DOT 3 ikiwa kavu haipaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kwa kiwango cha majaribio, kiwango chake cha chini hushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 tarakimu hizo ni 230 na 155. Mafuta yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke haumsukumi mtu yeyote. Ndiyo sababu kopo lililokaa wazi dukani miezi mingi si rahisi hata likitolewa bure, na ndiyo sababu mafuta ya breki yapasa kubadilishwa takriban kila baada ya miaka miwili. Mafuta ya injini, dizeli au petroli yasiikaribie kabisa njia ya breki, hata kwa kuoshea, kwani hufutua mipira yote.

Upepo ulioingia katika mabomba hutolewa na watu wawili: mmoja kwenye pedali, mwingine kwenye nipeli ya gurudumu akiwa na mpira mwembamba na chupa. Kwa kawaida huanzwa gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, isipokuwa kitabu kimeelekeza vinginevyo. Kikopo kisiachwe kikauke, ama sivyo kazi huanza upya.

Baada ya hayo, vile vipimo vitatu virudiwe. Gari liinuliwe kwa jeki, likalie stendi imara, na kila gurudumu lizungushwe kwa mkono: likatae breki ikikanyagwa, na liwe huru ikiachwa. Kisha gari lijaribiwe kwa mwendo wa mtu kutembea, mahali pa wazi pasipokuwa na watu. Baada ya safari fupi ya pili, mkono ukaribishwe kwenye kila gurudumu bila ya kuligusa. Lenye joto kupita wenzake lina jambo la kueleza.

WAJIBU WA KILA UPANDE

Je, ni halali kwa mtu asiyekuwa fundi kuifanya kazi kama hii nyumbani kwake? Wako wasemao kuwa breki zisiguswe ila na wenye vyeti. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini inasahau hali yetu. Gari kuukuu ni mali ya mwenyewe, vipuri vyake ni adimu, na mara nyingi mwenye gari aliyeketi na kitabu chake kwa wiki nzima hulijua zaidi kuliko fundi aliyeliona asubuhi hiyo. Kazi ya mikono ni elimu, na jamii inayowacheka wanaojifunza hubaki ikiagiza kila kitu kutoka ng'ambo.

Pamoja na hayo, wenye hoja ile wamesema kweli kwa jambo moja. Gari ni mali ya mwenyewe likiwa uani. Likishapita lango, breki zake ni amana ya umma. Mpita njia hakuulizwa kama anaridhia majaribio. Kwa hiyo tunaona kuwa mwenye kufanya kazi ya breki nyumbani ana deni la kulionyesha gari lake kwa fundi mwenye ujuzi kabla ya kulirejesha katika njia za watu. Jicho la pili huona ambalo la kwanza limelizoea. Na asiyekuwa na kitabu, asiyejua kupima ufito, au asiyekuwa na wa kumsaidia, ampelekee fundi tangu mwanzo; hakuna aibu katika hilo.

Wauza vipuri nao wana sehemu yao. Magari mengi tuyatumiayo yaliteremka bandarini yakiwa yamekwisha kutumika kwingine, na busta nyingi zinazouzwa zimetoka katika magari kama hayo yaliyovunjwa. Mpira huzeeka hata usipotumika. Busta iliyokaa rafuni miaka mingi yaweza kung'aa kwa nje na kuwa imepasuka kwa ndani. Pampu ndogo ya mkono ya kuvutia hewa, yenye saa ya kipimo, inatosha kuonyesha mbele ya mnunuzi kama busta inashika ombwe au inaliachia. Duka linaloheshimu wateja wake liwe nayo, na mnunuzi asitoe fedha kabla ya kuona sindano imetulia.

Kwa wakuu wanaohusika na vyombo vya moto tuna mapendekezo matatu. La kwanza, vile vipimo vitatu tulivyovieleza viwe sehemu ya kila ukaguzi wa gari, liwe la binafsi au la abiria. Havihitaji mtambo wala umeme, navyo huchukua dakika chache tu. Taa na honi ni muhimu, lakini honi haijapata kulisimamisha gari. La pili, wasimamizi wa viwango wayatazame kwa makini mafuta ya breki, mipira na busta zinazoingia nchini na zile zinazouzwa madukani. Kipuri kibovu cha redio humkera mwenyewe. Kipuri kibovu cha breki huua jirani. La tatu, vijana walioko katika gereji bubu wasifukuzwe tu kila wanapoonekana chini ya miembe, bali wapangiwe mafunzo mafupi ya jioni katika vyuo vyetu vya amali, wafundishwe kupima kwa kitabu na kwa chombo badala ya kukisia. Wao ndio wanaoyashika magari yetu mengi kila siku, tupende tusipende.

Hatusemi kuwa mapendekezo haya yatamaliza ajali. Mwendo wa kasi, uchovu na ulevi vina sehemu yao kubwa, na vitahitaji makala yake. Lakini kasoro ya busta ni miongoni mwa zile chache ambazo hujitangaza mapema, kwa pedali ngumu, kwa mnong'ono wa hewa, kwa mafuta yanayopungua, na hungoja siku nyingi kabla ya kudai malipo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee, nao hawakuwa na magari.

Basi mwenye gari, kabla ya kuliondoa kesho asubuhi, atoe dakika 3 za kipimo cha kwanza. Pedali ikishuka chini ya mguu wake, ashukuru na aende kwa salama. Ikibaki pale pale, alizime, alifunge, na apande gari la mwenzake siku hiyo.